Mshale Uliopanda Kilima

"Tangu programu yangu ianze kuongoza magari ya mji huu, hajapotea hata paka!" alisema Dira, akajipiga kifua kwa mkono ule ule ulioshika kijiko. Supu ikamrukia shati.

Ilikuwa Jumapili mchana, mezani, mbele ya mkewe na mama mkwe wake. Jina lake halisi lilikuwa kwenye vyeti. Mtaani na kazini aliitwa Dira, jina alilojipa mwenyewe na kulitangaza mwenyewe, mpaka watu wakachoka kubishana naye. Alikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni inayotengeneza programu ya kuwaonyesha madereva njia. Wewe dereva unasikia simu inakuambia kwa sauti ya kubembeleza: kata kushoto, nyoosha, umefika. Unadhani ni mwanamke mpole. Kumbe nyuma yake yupo Dira na kiti chake cha kuzunguka, anakunywa chai.

"Paka hawapandi gari," alisema mama mkwe bila kuinua macho.

"Ni mfano tu, mama."

"Basi tafuta mfano wenye leseni."

Mama mkwe huyu aliitwa Bi Mkubwa na kila mtu, hata na waliomzidi umri. Alikuwa opereta wa simu kwa miaka thelathini, enzi za nyaya na plagi, na mpaka leo hakuacha tabia ya kazi yake: kusikiliza maneno ya watu mpaka mwisho kabla ya kuchomoa waya. Miezi miwili nyuma alipanda kigoda ili atundike pazia. Kigoda kikaenda upande wake, yeye akaenda upande mwingine, na mfupa wa paja ukavunjika. Ukaunganishwa kwa chuma. Dira na mkewe wakafunga virago vyao, wakahamia kwake kumwuguza. Mwanamume kuhamia kwa mama mkwe si jambo la kutangaza kwa tarumbeta, lakini Dira alilimeza, tena kwa maji mengi.

Sasa mfupa ulikuwa umeshika, kilichobaki ni goti. Daktari alisema bila kuzunguka: goti lisipofanyiwa mazoezi wiki hizi, litaganda, na Bi Mkubwa atakaa kwenye kiti cha magurudumu mpaka akizoee. Kliniki ya mazoezi ilikuwa na gari moja tu lenye ngazi ya kupandisha viti hivyo, na barua yake ilikuwa imebandikwa kwenye jokofu. Gari litakuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Likifika litasubiri dakika saba. Mgonjwa akikosa mara tatu mfululizo, nafasi yake inapewa mwingine, naye anarudi mwisho wa foleni. Foleni sasa ilikuwa imefika miezi minne.

"Na gari lenyewe linaongozwa na programu gani?" aliuliza Dira, ingawa hakuna aliyekuwa na shida ya kujua. "Yangu. Mama, kesho wewe kaa mlangoni kama malkia."

"Nitakaa," alisema Bi Mkubwa. "Kukaa ndicho ninachokiweza."

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, Dira alikuwa ofisini akilitazama gari la kliniki kwenye kompyuta. Kwenye kioo lilikuwa nukta ya kijani. Lilitoka kliniki, kule juu kwenye mzunguko mkubwa wa barabara, na kwa akili za kawaida lingeteremka mtaa wao, mita mia tatu hivi, na kusimama mlangoni. Halikuteremka. Lilipita mzunguko, likakata kulia, likashuka kwa barabara kuu, likazunguka soko zima, likatokea mwisho wa mtaa, kule chini. Hapo likasimama.

Simu ikalia. Alikuwa mkewe, fundi cherehani, mtu asiyepoteza maneno kama asivyopoteza kitambaa.

"Mwenzangu, gari liko wapi?"

"Limefika. Liko hapo chini."

"Hapo chini linafanya nini? Sisi tuko katikati."

"Linapanda sasa hivi."

"Linapanda vipi, na hapo kuna kibao cha marufuku kuingia?"

Dira akacheka kicheko cha mtaalamu. "Kibao kipi tena? Ramani inasema mtaa unapanda."

Kumbe dereva naye alikuwa amempigia mke wa Dira kwenye simu nyingine. Sauti yake ilisikika kwa mbali, yenye heshima na yenye mkosi: "Shangazi, simu inaniambia niingie hapa, kibao kinaniambia nisiingie, na trafiki amesimama pale ananitazama kama shemeji yangu."

"Zunguka upite juu!" alisema mke wa Dira.

"Siwezi, shangazi. Nikiuacha mstari wa simu, ofisini inawaka nyekundu, na mimi nina barua mbili za onyo tayari."

Dakika saba zikaisha. Ile nukta ya kijani ikaondoka polepole, kama mgeni asiyekaribishwa.

Jioni Bi Mkubwa alikuwa bado na kilemba chake cha kutokea. "Nilikaa kama malkia," alimwambia mkwewe. "Majirani wamenisalimia wote. Wa mwisho ameniuliza ninauza nini."

"Ni uzembe wa dereva, mama," alisema Dira.

"Ndiyo, baba. Na paka?"

Jumanne Dira aliingia kazini na dawa yake kichwani. Ili aeleweke, ni lazima mtu ajue programu ile inavyofikiri. Nyumba kwenye ramani ni nukta tu, na nukta haina miguu. Programu huitafutia barabara iliyo karibu na kuipachika hapo, kama kifungo kwenye shati, kisha gari huongozwa mpaka kwenye kile kifungo. Nukta ya Bi Mkubwa ilikuwa imepachikwa kwenye mtaa wa mbele, ule wa ubishi. Sawa. Dira akaichomoa, akaipachika kwenye barabara ya nyuma, ambayo magari hupita pande zote mbili bila maneno. Kazi ile aliruhusiwa kuifanya peke yake, na ilimchukua chini ya dakika. Akapima umbali kutoka barabara ya nyuma mpaka nyumbani. Mita kumi na mbili! Akapiga mluzi.

Jumatano aliomba ruhusa ya kuchelewa kazini ili aonekane. Alivaa shati lililopigwa pasi, akasimama mlangoni nyuma ya kiti cha mama mkwe, mikono kwenye vishikio. Mkewe alishika mkoba wa taulo na vyeti.

Saa mbili na dakika arobaini honi ikalia. Ilikuwa karibu sana, karibu mno, ila ilitoka upande wa jikoni.

"Hiyo honi iko nyuma yetu," alisema Bi Mkubwa.

"Ni mita kumi na mbili tu, mama."

Zilikuwa mita kumi na mbili kweli, ramani haikudanganya. Ila ndani ya mita hizo kulikuwa na ukuta unaomzidi mtu kimo, wenye vigae vya chupa juu yake, halafu mtaro wa maji machafu, halafu mbwa wa jirani, ambaye alikuwa amefungwa kwa kamba ndefu kuliko ilivyohitajika. Juu ya ukuta ule walikiona kipaa cha gari la kliniki, cheupe, kinang'aa.

"Dereva!" aliita Dira.

"Naam!" ukuta ukaitika.

"Zunguka uje mbele!"

"Simu inasema nimefika!"

"Hujafika!"

"Inasema nimefika, kaka! Imeshaanza kuhesabu!"

Dira akamtazama mama mkwe, akautazama ukuta, na wazo likamjia. Halikuwa wazo zuri. "Tukimpata mtu mmoja upande wa pili na ngazi..."

"Mwanangu," alisema Bi Mkubwa kwa upole wa kutisha, "mimi nimezaa, nimezika, nimestaafu. Kurushwa ukutani kama gunia la mkaa sitarushwa."

Majirani walikuwa wameshatoka kwenye milango yao. Mmoja alishauri kamba. Mwingine akauliza kama mgonjwa anaweza kukunjwa. Mke wa Dira aliuweka ule mkoba chini, taratibu, na jambo hilo lilimwuma Dira kuliko maneno ya majirani wote. Gari likanguruma, kile kipaa cheupe kikateleza juu ya vigae, kikapotea. Hiyo ilikuwa mara ya pili.

Baadaye Dira alipita mlangoni kwa mama mkwe, akamwona ameushika mguu wake kwa mikono miwili, anajaribu kulikunja goti mwenyewe. Liligoma nusu ya njia. Hakuwa akitania mtu. Alipomsikia Dira akalivuta shuka, akasema, "Kuna chai jikoni."

Dira aliiacha chai ipoe, akaenda kuifungua kompyuta.

Alhamisi asubuhi mkewe alimkuta sebuleni, ameinamia kompyuta. Alikuwa akiupanua mtaa wao kwenye kioo, anaufinya, anaupanua.

"Mwenzangu, mtaa uko nje," alisema.

"Nauona hapa."

"Hapo unaona mstari. Inuka, toka nje, simama barabarani ukautazame kwa macho uliyopewa bure."

Dira akatoka na kompyuta yake kifuani kama anayebeba mtoto, akasimama katikati ya mtaa anaolala kila siku. Gari la kwanza lilishuka likampigia honi. La pili likashuka, dereva akatoa kichwa: "Wee! Umechoka kuishi?" La tatu likashuka. Yote yalikuwa yakishuka. Kwenye kioo, mshale mdogo wa bluu ulikuwa ukipanda kilima bila wasiwasi.

Fundi baiskeli wa pembeni alikuwa akimtazama muda wote huo, spana mkononi. "Unahesabu?"

"Hivi mtaa huu magari huwa yanapanda?"

"Tangu nifungue kibanda hiki, huku yanashuka. Kinachopanda hapa ni maji, nayo kwa pampu."

Hapo Dira akakumbuka jinsi mitaa inavyochorwa. Katika kampuni ile mtaa ulichorwa kwa miguu. Mtu alitembea na simu mkononi, simu ikaacha mstari nyuma yake kama konokono. Akimaliza anaandika: njia moja. Na programu, kwa kuwa haina macho, inaamini kwamba magari nayo yanaelekea kule alikoelekea mwenye miguu. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya wachoraji, iliyobandikwa mpaka chooni, ilisema: kwenye mtaa wa njia moja tembea kama gari. Mtu aliyeuchora mtaa huu alikuwa ametembea kutoka chini kwenda juu, na ndiyo maana gari la kliniki lililazimishwa kuuingilia mkiani. Dira akafungua kumbukumbu kuona ni mjinga gani huyo. Kulikuwa na tarehe ya miaka minne iliyopita, na herufi mbili za jina.

Zilikuwa herufi zake.

Akaifunga kompyuta haraka. Fundi baiskeli akauliza, "Imekufa?"

"Betri," alisema Dira.

Nukta Dira aliweza kuzihamisha papo hapo atakavyo, lakini mshale wa mtaa haugeuzwi bila sahihi ya bosi, na ramani mpya hutumwa kwa magari alfajiri. Bosi alikuwa mwanamke wa miwani minene aliyesoma kila kitu mara mbili.

"Unataka kugeuza mshale," alisema bosi. "Mtaa gani?"

Dira akaonyesha.

"Si ndio unaokaa wewe?"

"Ndio, bosi."

"Na hukujua unaelekea wapi?"

"Huwa naenda kwa miguu, bosi."

Bosi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kama kwamba kasoro ilikuwa kwenye miwani. "Nani aliuchora?"

"Ni mambo ya zamani."

"Zamani ya nani?"

"Zamani tu, bosi. Za simu zile mbovu."

Bosi akatia sahihi. Alipokuwa akitoka, Dira alisikia kicheko nyuma ya mlango, na kabla hajafika kwenye kiti chake ofisi nzima ilishajua. Mmoja akamwuliza kama leo atahitaji kusindikizwa nyumbani.

Ijumaa ramani mpya ilikuwa hewani. Dira aliutazama mshale kwenye simu yake: unashuka, safi kabisa. Akasukuma kiti cha Bi Mkubwa mpaka mlangoni. Mkewe akashika mkoba. Hii ilikuwa mara ya tatu, na wote watatu waliijua hesabu hiyo.

"Likija tu, litatokea pale juu," alisema Dira, akaonyesha kwenye mzunguko.

Saa mbili na dakika arobaini honi ikalia jikoni.

Dira alisimama kama aliyepigwa na shoti. Mshale alikuwa ameugeuza. Nukta hakuirudisha! Nyumba ya mama mkwe ilikuwa bado imeshonwa kwenye barabara ya nyuma, pale pale alipoipachika kwa mikono yake huku akipiga mluzi.

"Kimbia," alisema mkewe.

Alikimbia. Alikatiza kibanda cha fundi baiskeli, akaruka tairi, akapinda kwenye uchochoro, akauvuka mtaro kwa hatua iliyofika nusu tu. Kiatu kimoja kikabaki mtaroni kama ushahidi. Mbwa wa jirani akamsindikiza mpaka kamba ilipoishia. Alipofika kwenye gari alikuwa hana pumzi ya kuazima.

"Kaka," alisema dereva kwa huruma, "zimebaki dakika mbili. Na safari hii nimeambiwa nifike na karatasi ya kufuta jina lake, hii hapa."

"Usi... usiguse... kitu."

Dira akaitoa simu. Akaigusa nukta, akaivuta, akaiachia. Nyumba ya Bi Mkubwa ikaangukia katikati ya uwanja wa mpira.

"Sasa inasema twende uwanjani," alisema dereva akichungulia simu yake.

"Usiende!"

"Mimi hufuata simu."

"Subiri tu, kaka, kwa hisani yako!"

Akaivuta tena, sasa kwa kidole kimoja, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Nukta ikapita juu ya mtaro, ikapita juu ya ukuta, ikavuka paa, ikatua mtaa wa mbele, mlangoni. Akabonyeza. Kwa muda hakikutokea kitu. Dereva alitazama saa yake, akatazama ile karatasi. Halafu ile sauti ya kubembeleza ikasema: Geuka nyuma inapowezekana.

Dira, ambaye alikuwa ameisikia sauti ile mara elfu, nusura aibusu. Akapanda gari bila kuulizwa. Wakapanda mpaka kwenye mzunguko, wakauzunguka, na mtaa ukafunguka mbele yao, unateremka. Kata kushoto. Nyoosha. Umefika.

Mlango wa gari ulifunguka mbele ya kiti cha magurudumu. Dira akateremka, tope hadi gotini, mguu mmoja peku.

"Maskini," alisema Bi Mkubwa. "Huyu mgonjwa naye ameumia wapi?"

"Kwenye kiburi, mama," alisema mkewe. Lakini alikuwa anacheka, na alimfuta Dira tope la shavuni kwa taulo safi la kliniki.

Kliniki ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha mengi na vyuma viwili vya kushikia, sambamba, urefu wa hatua kumi. Mtaalamu wa mazoezi alimsimamisha Bi Mkubwa katikati yake. Kwenye benchi la ukutani walikaa wagonjwa wengine wakisubiri zamu, na pembeni msajili na daftari lake.

"Huyu ndiye tuliyekuwa tunamfuta leo?" aliuliza msajili. "Ilikuwaje hata gari lisiione nyumba?"

Hilo ndilo swali ambalo Dira alikuwa akilisubiri tangu apate pumzi. Kiatu hakuwa nacho, lakini hadhira alikuwa nayo. Akawaeleza watu wa benchi habari za mishale na nukta, kwa mikono na kwa miguu yote miwili, wa kiatu na wa peku. Akawaeleza jinsi kosa lilivyojificha miaka minne bila kuonekana na mtu, na jinsi yeye alivyolinusa, akalifuata, akalitia mkononi. Alipofika kwenye mtaro, mtaro ukawa mto. Mbwa akawa watatu.

"Na huyo aliyechora mshale ukaelekea kusiko?" aliuliza mzee mmoja mwenye mkono uliofungwa. "Mlimfukuza?"

"Ah, mzee, wale vibarua wa zamani," alisema Dira, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mzembe fulani tu. Hatutamjua kamwe."

"Mimi namjua," alisema Bi Mkubwa.

Alikuwa kwenye hatua ya tatu, uso umelowa jasho, goti linatetemeka lakini linakunjika. Chumba kizima kikageuka.

"Nilikuwa dirishani," alisema, akapiga hatua ya nne. "Kijana mwembamba, simu ameishika mbele hivi, kama anapeleka kibatari gizani. Kibao hakukitazama. Gari likimpigia honi hakusikia. Akaupanda mtaa wangu toka chini mpaka juu. Kisha akarudi chini, akangoja, akaupanda tena. Nikasema, hii serikali sasa imeamua kutupima vizuri."

Dira alikohoa. "Mama, kumbukumbu za watu wa..."

"Nilikuwa opereta, mwanangu. Kusahau sikufundishwa."

Mkewe, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi na mkoba mapajani, aliinua kichwa polepole. "Miaka minne iliyopita?" alisema. "Mwenzangu, si ndio wiki uliyonisalimia kwa mara ya kwanza? Mimi nilipokuuliza mbona kila nikitoka sokoni uko nyuma yangu, ulinijibu unapima barabara."

"Nilikuwa napima barabara," alisema Dira, kwa sauti ndogo.

"Kweli alikuwa anaipima," alisema Bi Mkubwa. Akaachia chuma kimoja, akasimama kwa mguu wake mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu kigoda, ili apate mkono wa kumwonyeshea kidole. "Na barabara yenyewe siku hiyo ilikuwa imevaa gauni la njano."